Kamera Niliyomfungia Mama

Mimi sina subira, na nadhani niliajiriwa kwa sababu hiyo. Ni matroni wa bweni la wasichana hapa Kibaha, mwaka wa kumi na sita sasa, na kazi yangu kubwa ni kushuku. Naingia bwenini nanusa, nafungua makabati, nainua magodoro, na msichana akinijibu haraka mno najua kuna kitu. Wananiogopa, na sitadanganya, nilikuwa napenda wanavyoniogopa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani yale niliyomfanyia jirani wa mama yangu yalinitoka kwa bahati mbaya. Niliyafanya kwa ujuzi wa kazi.

Mama anaishi Kisarawe, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba walipokuwa wote walimu. Alistaafu zamani, lakini mji mzima bado unamwita Mwalimu. Akienda usharikani Jumapili, watu wazima wenye vitambi vyao huacha mazungumzo wamwamkie. Watoto tuko wanne, kaka zangu watatu wako mikoani huko mbali, na mimi ndiye niliye karibu. Kwa kuwa niko karibu, nilijipa cheo. Nani aje kumwona mama, mama ale nini, dawa anywe saa ngapi, yote nilikuwa naamua mimi kutoka Kibaha, kwa simu.

Mwaka juzi mama akaacha kuja kulala kwangu. Zamani alikuwa anakaa hata wiki mbili. Sasa nikimwalika, mara kuku wake watalishwa na nani, mara kwaya ina mazoezi, mara mgongo hautaki gari. Nilinuna. Nilimwambia kaka yangu mkubwa kwamba mama amepata watu wanaomtia maneno, na alipoguna tu nikaona ameniunga mkono. Kisha wezi wakavunja nyumba mbili za mtaa ule na kuondoka na televisheni. Hapo nikapata sababu.

Nilinunua kamera ya mtandao, ile ya mviringo yenye shingo inayozunguka, nikaenda na fundi wa hapa Maili Moja mpaka Kisarawe. Aliifunga juu ya mlango wa sebule, mahali inapoona sebule yote pamoja na korido mpaka mlango wa uani. Chumbani haioni, hilo mama alilisimamia mwenyewe kwa kidole. Fundi akaweka ruta ya intaneti yenye laini ya simu ndani ya kabati la vyombo, akatia kadi ya kuhifadhi picha za wiki kadhaa, halafu akanifundisha kwenye simu. Ukitelezesha kidole hivi, inageuka. Giza likiingia inaendelea kuona, ila bila rangi. Unaweza kuchora mstari kwenye kioo kuzunguka mlango, na chochote kikipita ndani ya mstari simu yako inalia. Ndugu zako nao unaweza kuwaunganisha, kila mmoja aone kwa simu yake. Na kitufe hiki chenye alama ya kipaza sauti, ukikishikilia ukaongea, sauti inatokea kule. "Mwizi unamfokea umekaa zako Kibaha," fundi alisema, nami nikacheka kwa raha.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. "Kwa hiyo mtakuwa mnanitazama?"

"Tunatazama wezi, mama."

"Na nikipita mimi?"

"Ukipita wewe tunafurahi kukuona."

Mama alikwenda kufunga mlango wa chumba chake, ambao miaka yote tuliuzoea wazi.

Wiki za kwanza simu yangu haikutulia. Inalia, nafungua, ni kuku ameingia ndani. Inalia, ni pazia. Nikajifunza kuchora mstari vizuri, nikauzungushia mlango wa uani peke yake, na hapo ndipo nikaanza kumwona jirani kila siku.

Jirani huyu alihamia nyumba ya nyuma akitokea Msimbu baada ya mimi kuolewa, kwa hiyo sikukua mbele yake. Ni mjane, mdogo kwa mama lakini mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mfupi, mwenye hatua za haraka na maneno machache. Kila siku saa moja asubuhi anapita mlango wa uani bila hodi, mkononi kapu limejaa kisamvu au matembele. Anaingia korido, anakata kona kuelekea chumbani kwa mama. Robo saa baadaye anatoka na kitu kimeviringishwa tumboni, kimefunikwa kwa khanga, na anatoka mbio. Siku ya kwanza nikasema labda. Siku ya tatu nikaacha kusema labda. Anakuja na mboga za majani, anaondoka na mali: ndivyo nilivyomwandikia kaka yangu.

Pasaka nilipokwenda nikafungua kabati la mama. Nilikuwa nimemletea pea sita za mashuka, mazito, ya kudumu. Nikakuta pea mbili.

"Mama, mashuka mengine yako wapi?"

"Yapo kwenye kufuliwa."

"Pea nne zote kwa mpigo?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya gauni. "Mwanangu, umekuja kunisalimia au kunikagua?"

Nikajua basi, mama ameanza kusahau na mtu anautumia usahaulifu wake. Roho iliniuma kweli, nilimwonea huruma. Huruma yenyewe ndiyo iliyonitia hasira.

Haukupita mwezi, umoja wa wanawake wa usharika ukakutana nyumbani kwa mama, kwa zamu yake. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa bwaloni nasimamia chakula cha wasichana, simu ikalia. Nikafungua. Sebule imejaa akina mama wenye vitenge vya sare, wanaimba, mama yuko kwenye kiti chake cha mbao. Na koridoni, nyuma yao, jirani anatoka chumbani na furushi tumboni, kubwa kuliko siku zote, ananyata kuelekea mlango wa uani. Mchana kweupe, wageni wakiwa ndani. Nikapandwa na mori. Nikashikilia kitufe.

"Wewe mama. Weka chini hicho ulichobeba. Tunakuona."

Wimbo ulikatika. Vichwa vyote viligeuka, kwanza juu kwenye kamera, halafu koridoni. Jirani alisimama. Akatafuta ile sauti inatoka wapi, akaiona, akaitazama kwa utulivu.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Yaani nimeanza kumfokea mtu mzima bila shikamoo, naye akaitikia ile ambayo sikuitoa, kama tunavyowafanyia watoto wasio na adabu. Wanawake wawili wakaguna. Badala ya kuona haya, nikazidi. "Fungua hiyo khanga tuone."

Hakufungua. Alilikumbatia furushi kwa mikono miwili, akamtazama mama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Jirani akageuka akatoka. Na mtu aliyekataa kufungua khanga mbele ya wanawake ishirini, nani angesema si mwizi?

Nilimpigia mama wageni walipoondoka. "Umeona sasa? Ni yale mashuka niliyokuletea anayobeba, siyo?"

"Ni hayo," akasema.

"Si nilisema?"

"Mwache, mwanangu. Nakuomba."

"Simwachi."

Nilimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kuongeza kitu, halafu akakata simu. Ile video niliitoa kwenye kadi kwa kutumia simu, nikaituma kwenye grupu la ndugu, na mmoja wetu, hatukubaliani ni nani, akamtumia binamu, na binamu akawatumia wa kwake. Jumapili usharikani watu walikuwa wameshaiona. Jumatatu nikampigia mwenyekiti wa kitongoji nikafungua shauri. Akamwita jirani. Alivyonieleza, yule mama alisimama mbele yake akasema, "Mimi sina la kusema. Mwenye nyumba yupo," akaondoka. Mwenyekiti akapanga Alhamisi saa nane mchana, pande zote zije, na wazee wa kitongoji wawepo.

Kuanzia Jumapili jirani hakuja tena. Simu yangu ilikuwa inalia asubuhi, nami nilikuwa nasimamia usafi wa mabweni, nikiona kwenye kijipicha cha taarifa kwamba aliyekata mstari ni mama mwenyewe, nafuta bila kufungua. Mama kwenda uani asubuhi, kuna nini cha kutazama? Zile picha nilikuja kuziona baadaye. Mama anaburuta shuka lililolowa koridoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika ukuta. Anapumzika. Anaburuta tena. Siku ya Jumatano alikaa chini kabisa, katikati ya korido, kwa dakika kumi na moja, na kamera ikamrekodi zote.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ililia, na safari hii nilifungua, kwa kuwa nilikuwa nasubiri kwa hamu siku ya kesi. Mama alikuwa ameleta kigoda kutoka uani, amekiweka chini ya kamera, amekaa. Amevaa gauni la kanisani na miwani. Alikuwa haitazami kamera ile hata siku moja, hupita chini yake ameinama. Sasa aliinua uso akaitazama sawasawa.

"Mnanisikia?" akauliza. Akasubiri kidogo, kisha akaendelea kwa ile sauti yake ya darasani.

"Wanangu, jirani hajaiba kitu. Alichobeba ni mashuka yangu. Huu ni mwaka wa pili sijui mkojo unanitoka saa ngapi. Naamka kitanda kimelowa. Mara nyingine hata mchana nikijinyoosha kidogo. Yeye anachukua mashuka anakwenda kuyafua na kuyaanika kwake, ili kamba yangu isionekane ina mashuka kila siku. Anayarudisha kwenye kapu, chini ya mboga. Nilimwomba asimwambie mtu, akaniapia. Ameitwa mwizi mbele ya watu na bado hajasema. Leo saa nane nakwenda kwa mwenyekiti kueleza haya haya. Nimeanza na ninyi, msije mkayasikia njiani."

Alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akatoka kwenye picha.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuongea. Mimi ninayeweza kumnyamazisha msichana wa kidato cha sita kwa neno moja, nilikiondoa taratibu. Kaka zangu, ambao niliwaunganisha na kamera, nao walikuwa wanatazama, nina hakika, kwa sababu grupu lilikuwa kimya mpaka jioni.

Nikampigia mwenyekiti nikamwambia nimefuta shauri, yamekwisha, asimwite mtu yeyote. Nikampigia mama nikamwambia hana haja ya kwenda.

"Alitukanwa mbele ya watu," mama akasema. "Utamfutia kwa simu?"

"Mama, nitakwenda mimi niseme nilikosea. Sitasema kwa nini. Watakubali tu."

"Watasema Mwalimu amemwonea huruma mwizi wake. Ungekuwa wewe umeitwa mwizi, ungekubali kuonewa huruma?"

Niliondoka Kibaha na sare yangu ya kazi. Mbezi foleni, Gongo la Mboto foleni, Pugu gari likasubiri abiria mpaka nikataka kulia. Nilifika saa tisa kasoro. Kwenye ofisi ya mwenyekiti watu walikuwa wanatoka, na kila niliyekutana naye alinisalimia akitazama pembeni. Nikajua ameshasema. Mwanamke mmoja wa usharika alinishika mkono, akaniambia mama alisimama wima muda wote, alikataa kiti. Alisema neno kwa neno, na mwenyekiti alipotaka kumkatiza kwa aibu, alimwambia anyamaze kwanza, kwani mwenyekiti huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Halafu akaomba radhi kwa jirani kwa niaba ya watoto wake.

Kwa niaba yangu, yaani. Mama yangu, mwenye kujikwatua hata kwenda dukani, alisimama mbele ya wazee wa kitongoji akatamka kwamba anajikojolea, kwa sababu mimi nina kamera na mdomo.

Sikuthubutu kuingia nyumbani. Nilizunguka uani, nikapita kwenye uwazi wa michongoma mpaka kwa jirani. Alikuwa anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitika. Nikapiga magoti kwenye mchanga, na sare yangu, nikaanza kuomba radhi, nikisema sikujua, ningejuaje, hakuna aliyeniambia.

"Inuka, utachafua nguo," akasema. "Mimi ulinitukana siku moja. Imepita."

"Kwa nini hukusema tu? Hata ile Jumamosi?"

"Wageni walikuwa wanataka kwenda kuweka mikoba chumbani, kitandani kwa mama yako, na alikuwa amejinyoosha mchana. Nikaingia kutoa shuka kabla hawajaingia. Sasa nifungue khanga pale, wote waone? Kuingia kwangu mle kungekuwa kumesaidia nini?"

"Lakini kamera uliiona. Ulijua ipo."

"Niliiona. Wakasema ni ya wezi. Mimi si mwizi."

Alimenya muhogo mmoja mzima kabla ya kuendelea. Alikuwa hana hasira, na hilo lilinitisha kuliko kama angenifokea. "Tena siyo kwamba tulikuwa tunawaficha watu wa hapa. Wawili watatu wanajua. Mke wa mchungaji anajua, ndiye aliyeleta mpira wa kutandika juu ya godoro. Tulikuwa tunakuficha wewe."

Nikauliza kwa nini mimi.

"Ile Krismasi kabla hujaleta kamera, ulikuwa umekaa sebuleni unahadithia habari za mtoto wa bwenini kwako. Yule uliyemtoa na godoro lake kichwani, ukampitisha mbele ya wenzake. Ulimwita kikojozi, ukaigiza na alivyokuwa analia. Mlicheka sana. Mimi nilikuwa nakuna nazi mlangoni. Mama yako naye alicheka. Wageni walipoondoka akanishika mkono, akaniambia, huyu asijue. Wengine wakijua watanisaidia, huyu asijue."

Ilinibidi nitafute kwenye kumbukumbu. Ni kweli nilihadithia. Nilikuwa nahadithia kila Krismasi, ndugu walikuwa wanapenda visa vyangu vya bwenini. Yule msichana alihama shule muhula uliofuata, na mpaka siku ile kwenye mchanga wa jirani sikuwahi kujiuliza alihama kwa nini.

Kamera niliing'oa jioni ile ile, peke yangu, kwa bisibisi ya cherehani ya mama. Mama hakusema niing'oe wala niiache. Nilimwomba radhi, akasema amenisamehe, akanipakulia chakula.

Nimempeleka hospitali, na daktari ametoa dawa zinazosaidia kiasi. Sasa nakwenda Kisarawe kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza niliingia chumbani kwa mama na beseni na sabuni. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Aliponiona alivuta shuka, akalikusanya mapajani mwake, akaliwekea mikono juu.

"Mama, niachie nifue mimi."

"Utachoka, mwanangu. Umetoka safari."

"Sijachoka."

"Nenda kakae barazani upunge upepo," akasema, kwa upole ule anaowapa wageni. "Niitie jirani."

Nikaenda kumwita. Akaja, akanipita mlangoni, wakajifungia. Imekuwa hivyo Jumamosi zote. Mimi nakaa barazani na beseni langu kavu, wao wako ndani wanazungumza kwa sauti ya chini, na katikati ya mazungumzo mama anacheka, kicheko kirefu cha msichana ambacho mimi kwa umri wangu wote sijawahi kumfanya akitoe. Jumamosi iliyopita nilisogeza kiti karibu na dirisha nisikie wanacheka nini. Mguu wa kiti ukakwaruza sakafu, wakanyamaza wote wawili.